Kenyatta: Kiharusi cha 1968 na miaka 10 iliyofuata

JUBA. Dereva wa lori anayetoka Lodwar kuja Juba kupitia Lokichoggio, Nadapal na Kapoeta anapita karibu na nchi ambayo Jomo Kenyatta aliijua akiwa mfungwa. Wengi wanamkumbuka kama rais wa kwanza wa Kenya. Wachache wanakumbuka kwamba miaka 10 ya mwisho ya utawala wake aliongoza akiwa ameshapigwa na kiharusi.

Alizaliwa miaka ya 1890 kwa jina la Kamau wa Ngengi. Alisoma kwa wamisionari wa Kiskoti huko Thogoto, akajifunza useremala, kisha akawa msoma mita za maji mjini Nairobi. Mwaka 1931 alikwenda Uingereza, akaishi huko takriban miaka 15. Kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu kilitoka mwaka 1938.

Oktoba 1952 alikamatwa. Mahakama ya Kapenguria ilimhukumu miaka 7 kwa kuongoza Mau Mau, shtaka alilolikana. Alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kisha akapelekwa Lodwar. Aliachiwa Agosti 1961, na miaka miwili baadaye akawa waziri mkuu.

Kwa wafanyabiashara wa leo, tarehe kubwa ni Juni 6, 1967. Siku hiyo, mjini Kampala, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwaka haukupita. Mei 1968, akiwa Pwani, Kenyatta aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 alipatwa na kiharusi. Wananchi hawakuelezwa ukweli wote, lakini wakubwa serikalini walishtuka. Mwaka huohuo Katiba ilibadilishwa: rais akifariki, makamu wake angeshika madaraka kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa.

Kenyatta alirudi kazini. Aliishi kuona Jumuiya aliyoiasisi ikivunjika mwaka 1977, akafariki Mombasa Agosti 22, 1978. Makamu wake, Daniel arap Moi, alichukua nafasi kwa utaratibu uleule uliowekwa baada ya kiharusi.

Maisha hayo yanaonyesha kwamba kiharusi si lazima kiwe mwisho wa kazi. Ila mgonjwa wa kawaida hana madaktari wa Ikulu. Silaha yake kubwa baada ya hospitali ni tiba ya viungo.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi ile upya, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Mara hali ya mgonjwa inapotulia, mtaalamu huanza naye mapema: kugeuka kitandani, kukaa, kusimama, kupiga hatua, kushika kikombe. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu ya haraka zaidi, ingawa anayeendelea na mazoezi anaweza kupata nafuu hata baadaye.

Ndugu nao wana kazi. Wasimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea, maana bega huumia. Wasimfanyie kila kitu anachoweza kujaribu mwenyewe. Na wasisubiri mguu urudi wenyewe, kwani viungo visivyotumika hukakamaa.

Mjini Juba kipo kituo cha utengamao ambacho kwa miaka mingi kimesaidiwa na Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu. Kinajulikana zaidi kwa miguu bandia. Anayeuguza mgonjwa wa kiharusi aulize hospitalini wapi pa kupata mtaalamu wa viungo kabla ya kumrudisha nyumbani.

Kwa mwenye duka Konyo Konyo na mwenye mzigo Nimule, kinga ya kwanza ni kupima shinikizo la damu, hata kama hujisikii mgonjwa. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Usingoje gari livuke mpaka.

Na kama Kenya ilivyopanga mapema mwaka 1968, mfanyabiashara naye apange. Awepo mtu mmoja anayeaminika, anayejua nani anadaiwa, mzigo uko wapi na fedha zimewekwa benki gani. Mgonjwa anayejua biashara yake haijasimama hupata muda wa kujifunza kutembea tena.