Abu Zayd al-Balkhi na Hesabu ya Miaka Minane



Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Rubongi, Tororo, baba aliniuliza: kusoma hadi udaktari wa saikolojia ni miaka mingapi, na ni pesa ngapi? Alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba. Nikahesabu. Shahada yangu ni ya masomo ya Kiislamu, kwa hiyo nitahitaji kama mwaka 1 wa kujenga msingi wa saikolojia, miaka 2 ya uzamili, na 3 au zaidi ya uzamivu. Utafiti ukichelewa, inafika 8. Kila mwaka una karo yake, chakula na kodi ya chumba. Baba akanyamaza, nami nikanyamaza.

Usiku ule nilimkumbuka Abu Zayd al-Balkhi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa karibu na mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, Balkh, ambako leo ni Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Alipokuwa kijana alitamani elimu ya Iraq. Alifuatana na msafara wa mahujaji, akaenda kwa miguu, akakaa huko miaka 8 akisoma kwa wanazuoni, akiwemo al-Kindi. Kisha akarudi kwao.

Naye pia alipata kuwa mwalimu wa watoto kabla elimu haijamwinua. Baadaye mtawala wa Balkh, Ahmad bin Sahl al-Marwazi, alimtaka awe waziri. Abu Zayd alikataa, akakubali ukatibu tu. Uwaziri ukamwendea Abu al-Qasim al-Ka'bi. Waziri alipangiwa dirhamu 1,000 na katibu 500, lakini waziri akaagiza 100 zitolewe katika fungu lake ziongezwe kwa mwenzake. Katika neema za mtawala huyo Abu Zayd alinunua shamba kijijini kwao.

Aliandika vitabu zaidi ya 60. Kimoja ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili na kuitafutia tiba ya mwili. Alishauri pia mtu ajiwekee fikra njema akiwa mtulivu, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa. Alifariki mwaka 934.

Ndugu zangu, lililonigusa ni lile shamba. Yeye elimu ilimfanya anunue ardhi kwao. Mimi nilikuwa karibu kuifanya iuzwe, na nina wadogo zangu wanaoitegemea.

Asubuhi nilimwambia baba asiuze. Nikihitimu, inshallah, nitafundisha kwanza miaka 2, niweke akiba ya ule mwaka wa msingi, huku nikiomba ufadhili wa uzamili. Hesabu yangu sasa imekuwa miaka 10 badala ya 8. Baba alicheka, akasema basi yeye ataendelea kulima.

Nawe unayetaka kusoma mbali, keti na wazazi wako uandike miaka na gharama zake kabla hakijauzwa kitu.

Wabillahi tawfiq.