Mkwawa, Mfalme wa Wahehe

Mfalme Mkwawa aliwatawala Wahehe huko Iringa, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 1891 aliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Mwaka 1894 wao wakaiteka ngome yake ya Kalenga. Kwa miaka minne akawindwa porini. Tarehe 19 Julai 1898, asikubali kukamatwa, akajiua.

Je, amepotea milele? Kanisa lafundisha kwamba uhai ni mali ya Mungu, nasi tu watunzaji wake. Basi kujiua ni dhambi kubwa. Lakini hofu na mateso makali huweza kupunguza hatia, naye Mungu ana njia zake za kumjalia mtu kutubu. Kwa hiyo Kanisa huwaombea waliojiua, wala halikati tumaini. Nawe ukilemewa na huzuni, usijifiche: mwendee katekista au padre upesi.