Mabel Normand: Aliyemwelekeza Chaplin

Nikiwauliza wanafunzi wangu kuhusu sinema bubu za Marekani, humtaja Charlie Chaplin. Mabel Normand hatajwi. Ilhali bibi huyo, mchekeshaji hodari wa studio ya Keystone, ndiye aliyeelekeza Mabel's Strange Predicament mwaka wa 1914. Ni wakati wa kuipiga filamu hiyo ambapo Chaplin alivaa kwanza yale mavazi ya mzururaji yaliyompa umaarufu. Baadaye mwaka huo huo, katika Mabel at the Wheel, Chaplin aligoma kuelekezwa naye, akiutilia shaka uwezo wake. Normand hakukata tamaa. Filamu yake Mickey, ya 1918, ilipendwa mno. Kifua kikuu kilimuua mwaka wa 1930. Walimu wenzangu, tunaposifu aliye mbele ya kamera, tuulize pia nani alisimama nyuma yake.