Ebedmeleki: Mtumishi Asiye na Jina

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari karibu na Kimilili, mahali nilikokulia. Niliwauliza ni nani aliyemtoa nabii Yeremia shimoni. Wengi walimtaja mfalme, wengine malaika. Hakuna aliyemtaja Ebedmeleki.

Huyu alikuwa Mkushi, mtu wa nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo. Alitumikia katika nyumba ya Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda. Huenda hata jina lake halisi hatulijui, kwa kuwa Ebedmeleki kwa Kiebrania ni mtumishi wa mfalme, basi. Mizizi ya jina hilo ina ndugu zake katika Kiarabu, na huko ndiko Kiswahili kilikopata kuabudu na ibada, kumiliki na malkia. Mgeni yule aliitwa kwa kazi yake, kama tunavyowaita wenzetu tarishi, bawabu au yaya, tusijue mama zao waliwaitaje.

Siku hizo Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Babeli, nayo ilianguka karibu na mwaka 587 K.K. Yeremia alihubiri kwamba kujisalimisha ndiko kuokoka. Wakuu wanne, Shefatia, Gedalia, Yukali na Pashuri, wakamshtaki kwamba anawavunja askari moyo. Mfalme kwa woga akamwacha mikononi mwao. Wakamshusha kwa kamba katika shimo lisilo na maji, akazama matopeni.

Mkushi aliposikia habari hizo hakungoja faragha. Alimwendea mfalme alipokuwa ameketi katika lango la Benyamini, akamweleza kwamba wakuu wale wametenda uovu na kwamba nabii atakufa kwa njaa. Alikuwa mgeni, tena mtumishi, naye akiwashtaki wenye nchi. Mfalme akageuza uamuzi wake, akampa watu 30 wa kumsaidia.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya kabla ya kufika shimoni. Alipitia chini ya hazina, akachukua nguo kuukuu na matambara, akayateremsha kwa kamba, kisha akamwagiza Yeremia ayatie makwapani ili kamba zisimuumize. Sisi tuliowahi kumwona mchimba kisima akivutwa juu twajua jinsi kamba inavyochuna ngozi. Ushujaa wa kusema mbele ya mfalme twausifu upesi. Huruma ya kuyawazia makwapa ya mtu aghalabu twaisahau.

Mji ulipoanguka, Sedekia alipofushwa macho, akapelekwa Babeli katika pingu. Ebedmeleki alikuwa ameahidiwa, kwa kinywa cha Yeremia, kwamba maisha yake yataokolewa. Baada ya ahadi hiyo kitabu hakimtaji tena.

Mnamo 2005 na 2008, wanaakiolojia waliochimba Yerusalemu walipata vipande viwili vya udongo vilivyopigwa mihuri. Kimoja kina jina la Yukali mwana wa Shelemia, na kingine la Gedalia mwana wa Pashuri, majina yale yale ya wakuu wawili miongoni mwa wanne. Mihuri ya wenye cheo imedumu ardhini. Matambara ya mtumishi yalioza zamani, lakini bila hayo hadithi ya Yeremia ingeishia topeni.

Mwalimu mwenzangu, kesho ukifika shuleni, kabla ya kengele ya kwanza, mwulize tarishi wenu jina lake. Nawe mwanafunzi, mwulize mpishi.