Lenzi Moja Ilimtosha Cartier-Bresson

Mwanafunzi anayetaka kuanza kupiga picha huwa na swali moja kabla ya mengine yote: ninunue lenzi gani? Mwalimu mlezi wa chama cha picha shuleni naye, apatapo fungu dogo la fedha kutoka kwa mkuu wa shule, hukabiliwa na swali lilo hilo. Dukani kuna lenzi za kuvuta, zile zinazomwezesha mtu kulileta jambo la mbali karibu bila yeye kuinua mguu, na kuna lenzi za kipimo kimoja, ambazo hazivuti wala hazisukumi. Wengi huzikimbilia zile za kwanza wakidhani kwamba chenye kazi nyingi ndicho chenye manufaa mengi. Mimi nasema sivyo, na shahidi wangu ni Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyefariki mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 95, baada ya kuizunguka dunia kwa takriban miaka arobaini akiwa na lenzi moja, au tuseme moja na kitu, kama tutakavyoona.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1908 huko Chanteloup-en-Brie, mashariki ya jiji la Paris. Jamaa zake walikuwa matajiri wa nyuzi za kushonea, na ilitarajiwa kwamba kijana huyu, kifungua mimba, angeirithi biashara hiyo. Yeye hakuitaka. Alitaka kuwa mchoraji, na mnamo 1927 akaingia katika darasa la msanii André Lhote, mwalimu mkali aliyewafunza wanafunzi wake kuutazama uso wa picha kama hesabu ya mistari, pembe na uwiano. Ukali huo ulimchosha, lakini hakuuacha nyuma alipoondoka. Kila picha mashuhuri aliyoipiga baadaye ina mifupa ya Lhote ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya thelathini, baada ya kutumikia jeshi, alisafiri hadi Kodivaa, iliyokuwa koloni la Ufaransa, akakaa karibu mwaka mzima akiwinda wanyama na kuuza nyama vijijini. Alikuwa na kamera ndogo kuukuu, lakini unyevu wa nchi ile uliziharibu filamu zake nyingi. (Wakazi wa Lamu na Mombasa wanaomiliki kamera watalielewa jambo hili, kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa mkobani kama inavyoota juu ya mkate.) Mwishowe alishikwa na ile homa itokanayo na malaria ambayo huugeuza mkojo wa mgonjwa kuwa mweusi. Akiamini kwamba siku zake zimekwisha, alimwandikia babu yake kumwagiza azikwe Normandy kando ya msitu, huku muziki wa Debussy ukipigwa. Jibu likaja kutoka kwa mjomba kwamba babu aliyaona mazishi hayo kuwa ya gharama kubwa mno, na kwamba ingekuwa afadhali arudi kwanza.

Akarudi, akapona, na katika kipindi hicho akaiona picha moja ndani ya jarida la Kifaransa. Ilikuwa imepigwa na Martin Munkácsi, Mhungaria, nayo ilionyesha wavulana watatu wa Kiafrika, weusi ti, wakiyakimbilia mawimbi. Picha hiyo hujulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wako wachunguzi wanaoshikilia kwamba ilipigwa pwani ya Liberia. Iwe ni ziwa au bahari, ndiyo iliyomwonyesha Cartier-Bresson kwamba kamera inaweza kukamata kitu ambacho brashi haiwezi: furaha ya miguu mitatu mitupu kwa nukta moja ya wakati. Alilikiri deni hilo hadi uzeeni.

Mnamo 1932, mjini Marseille, alinunua kamera ya Leica yenye lenzi ya milimita 50. Hapa inafaa tutue kidogo, kwa maana ndiko kulikoanzia kila jambo. Leica ilikuwa imebuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, ikatolewa sokoni mwaka wa 1925. Kabla yake, mpiga picha aliyetaka ubora alibeba sanduku, miguu mitatu na mabamba ya kioo. Leica ilitumia filamu ya sinema, picha 36 kwa mkanda mmoja, nayo iliingia mfukoni mwa koti. Cartier-Bresson alizifunika sehemu zake zote zing'aazo kwa utepe mweusi ili watu wasiione. Taa ya flashi hakuitaka kabisa. Aliihesabu kuwa utovu wa adabu.

Na hiyo milimita 50 ni nini hasa? Wanafunzi wa hesabu wasikimbie. Kila picha ya filamu ile ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Gawanya 36 kwa 50, kisha zidisha kwa umbali uliopo kati yako na kitu unachokipiga. Ukisimama mita 5, fremu yako itachukua upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.4, yaani mtu mzima aliyesimama, pamoja na nafasi ya kutosha juu ya kichwa na chini ya miguu, na jirani zake wawili au watatu. Ukitumia lenzi pana ya milimita 28 mahali pale pale, upana unafika zaidi ya mita 6, na takataka zote za barabarani zinaingia. Jambo la maana ni kwamba mwenye lenzi moja, baada ya miezi kadhaa, huibeba fremu hiyo kichwani. Huiona picha kabla hajaiinua kamera, na anapoiinua, inakuwa ni kuthibitisha tu.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana madukani. Ukilifunga tundu la lenzi hiyo hadi kipimo cha 8 na kuuweka umbali wa mita 5, kila kilichopo kati ya mita tatu na nusu na mita tisa na nusu hivi huonekana bila ukungu. Hivyo, katika barabara yenye jua, Cartier-Bresson hakuhitaji kupima umbali tena. Wakati ambao mwenzake alikuwa bado anazungusha vyuma, yeye alikuwa amekwisha kupiga na kupita. Simba mwenda pole, wahenga walisema, ndiye mla nyama. Na mwindaji huyu wa Kodivaa alilijua hilo vizuri.

Wasomi wa ushairi watanisamehe nikiingiza mfano wa kwetu. Tumebishana kwa miaka mingi kuhusu arudhi: je, mizani na vina ni pingu zinazomfunga mshairi, au ni ngazi zinazompandisha? Sina nia ya kuufufua ugomvi huo hapa. Lakini yeyote aliyewahi kutunga ubeti wa mizani nane kwa nane anajua kwamba kanuni ile humlazimisha kutafuta neno ambalo asingelitafuta kamwe. Lenzi ya kipimo kimoja ni arudhi ya namna hiyo. Haikuruhusu kuuvuta uso wa mtu ukiwa ng'ambo ya barabara. Inakulazimu uivuke barabara, umkaribie, naye akuone, na huenda akakuamkua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka huo huo wa 1932 alipiga ile picha ya nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris: mwanamume anaruka juu ya dimbwi, kisigino kikiwa hakijagusa maji, kivuli chake kikimngoja chini. Aliipiga kupitia mwanya wa ua wa mbao. Wapenzi wake hupenda kusema kwamba hakuwahi kukata picha baada ya kuipiga, kwamba kila kilichomo kilipangwa ndani ya kamera. Kwa jumla ni kweli, na wachapaji wake waliamriwa kuacha ukingo mweusi wa filamu uonekane kuwa ushahidi. Ila picha hii ilikatwa, kwa sababu ubao wa ua uliziba upande mmoja. Kanuni yake kuu ilivunjwa na picha yake kuu. Sioni haya kuwaambia wanafunzi jambo hilo.

Mnamo Mei 1937 gazeti la Ce soir lilimtuma London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita. Wapiga picha wengine walimwandama mfalme. Yeye aliugeuzia mgongo msafara akawapiga watu waliokuja kutazama. Pengine leo tungesema hakuwa na lenzi ndefu ya kumfikia mfalme. Lakini picha hizo ndizo zinazokumbukwa.

Vita vilipozuka aliingia katika kikosi cha filamu na picha cha jeshi la Ufaransa. Aliizika Leica yake ardhini katika shamba moja la Vosges, na mnamo Juni 1940 Wajerumani wakamteka. Alifanya kazi za sulubu kambini kwa karibu miaka mitatu, akatoroka mara mbili na kukamatwa mara mbili, na mara ya tatu, mwaka wa 1943, akafaulu. Akaenda akaifukua kamera yake. Huko New York, jumba la makumbusho la sanaa za kisasa lilikuwa limeanza kumwandalia maonyesho ya ukumbusho, wahusika wakidhani amekwisha kufa. Maonyesho yalifunguliwa mwaka wa 1947 naye mwenyewe akayahudhuria, mzima wa afya.

Mwaka huo huo yeye, Robert Capa, David Seymour, George Rodger na William Vandivert walianzisha Magnum, shirika lililomilikiwa na wapiga picha wenyewe. Walipoigawanya dunia, yeye aliangukiwa na bara Asia. Tarehe 30 Januari 1948 alikutana na Gandhi mjini Delhi akamwonyesha kitabu cha maonyesho yake ya New York. Muda mfupi baada ya kuagana, Gandhi akauawa. Picha za mazishi yale zilienea duniani kote. Toka hapo alikwenda Uchina, akashuhudia serikali moja ikianguka na nyingine ikiingia.

Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka wa 1952, na jalada lake lilichorwa na Matisse. Hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Jina la Kiingereza ni The Decisive Moment, ambalo Waswahili huweza kulifasiri kuwa wakati wa kukata shauri, na ndilo lililompa sifa ya mwanafalsafa wa nukta takatifu. Lakini jina la Kifaransa ni Images à la sauvette, na halina utakatifu wowote. Msemo huo hutumika kwa mchuuzi asiye na leseni, anayetandaza bidhaa zake kando ya njia huku jicho moja likimtazama askari wa jiji, tayari kukunja turubai na kutimka. Picha za kunyakua, labda tungesema. Mkazi yeyote wa Nairobi anamjua mchuuzi huyo, na anajua kwamba habebi zaidi ya kile anachoweza kukiinua kwa mkono mmoja. Jina la Kiingereza linatueleza mpiga picha alingojea nini; la Kifaransa linatueleza alibeba nini. Naliamini zaidi la Kifaransa.

Naam, tulisema moja na kitu. Mkobani mwake mlikuwamo pia, kwa nyakati fulani, lenzi ya milimita 35 na ya milimita 90, na alizitumia, hasa hiyo ndefu alipopiga mandhari. Aidha, tusijidanganye: mwana wa tajiri huweza kuuchagua uhaba, na uhaba wa kuchagua si sawa na uhaba wa kuzaliwa nao. Leica haikuwa kamera ya maskini wakati ule, wala si ya maskini leo.

Lakini lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 kwa kawaida huwa miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi katika orodha za Canon na Nikon, na kioo chake hupokea mwanga mwingi kuliko lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera. Mnunuzi atahadhari na jambo moja. Kamera nyingi za bei ya wastani zina sensa ndogo kuliko filamu ya Leica, na juu ya sensa hiyo milimita 50 hutenda kama 75 au 80, fremu ikabana kupita kiasi ndani ya darasa au nyumba. Anayetaka jicho la Cartier-Bresson kwenye kamera kama hiyo atafute milimita 35. Ikiwa ni ya mtumba, aimulike kwa tochi kuhakikisha kwamba haina kuvu. Chama cha shule chenye kamera moja na lenzi moja ya namna hiyo, ikizunguka mikononi mwa wanafunzi ishirini, kimekamilika. Nami ningependelea fedha za lenzi ya pili zinunue vitabu vya picha ambavyo wanafunzi hao watavitazama wakati wa zamu ya mwenzao.

Tangu miaka ya sabini mwenyewe aliiacha kamera karibu kabisa akairudia penseli aliyoanza nayo kwa Lhote, akichora majumba ya makumbusho na sura za marafiki. Mnamo 2003 wakfu wenye jina lake ulifunguliwa jijini Paris kutunza kazi zake, yeye, mkewe Martine Franck na binti yao wakiwa waanzilishi. Aliaga dunia kusini mwa Ufaransa tarehe 3 Agosti 2004, siku chache kabla ya kutimiza miaka 96.