Makhan Singh: Mpiga Chapa Aliyewaunganisha Wafanyakazi Waliotenganishwa na Mshahara

Mwaka 1935, Kenya ikiwa bado inataabika kutokana na mdororo wa uchumi ulioikumba dunia tangu mwaka 1929, chama kimoja cha wafanyakazi mjini Nairobi kilibadilisha jina lake. Neno lililoondolewa ni lile lililokitambulisha kuwa chama cha Wahindi. Tangu siku hiyo, mlango ulikuwa wazi kwa wafanyakazi wa rangi zote.

Katibu wa chama hicho alikuwa Makhan Singh, kijana wa miaka 21. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akawasili Kenya mwaka 1927, na baada ya masomo akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake.

Katika miaka hiyo, bei ya kahawa, mkonge na mahindi ilikuwa imeporomoka. Waajiri walipunguza wafanyakazi, na waliobaki wakakatwa ujira. Hata hivyo, mzigo huo haukugawanywa sawasawa. Ngazi ya mishahara ilifuata rangi: Mzungu juu, fundi na karani Mhindi katikati, na Mwafrika chini kabisa, naye alidaiwa kodi na kulazimika kubeba kipande.

Makhan Singh alitambua kwamba mgawanyiko huo uliwadhoofisha wote. Maadamu mwajiri aliweza kumpata wa kulipwa kidogo zaidi, aliyelipwa nafuu hakuwa na nguvu ya kudai haki yake, na aliyekuwa chini hakuwa na wa kumsemea. Kwa sababu hiyo, matangazo ya chama yalichapishwa kwa lugha za Kihindi na kwa Kiswahili pia.

Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo wa takriban miezi miwili mjini Nairobi, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Ushindi huo, hata hivyo, ulikuwa hasa wa mafundi wa Kihindi, kwa kuwa Waafrika waliojiunga na chama walikuwa bado wachache. Kufungua mlango kulikuwa jambo moja, na kuaminiana kulihitaji muda.

Mwishoni mwa mwaka 1939 alisafiri kwenda India, ambako watawala wa kikoloni walimweka kizuizini kwa sehemu kubwa ya miaka ya vita. Aliporejea Kenya mwaka 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini, naye akaipinga amri hiyo mahakamani.

Wakati huo ubaguzi wa mishahara ulikuwa ukipewa kipimo rasmi. Mwaka 1948, Tume ya Holmes ilipendekeza kwamba mtumishi wa umma asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu.

Tarehe 1 Mei 1949, Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Mwezi Aprili 1950, katika mkutano uliofanyika Kaloleni, Nairobi, Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki.

Wote wawili walikamatwa tarehe 15 Mei 1950. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa, wakidai viongozi hao waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi.

Makhan Singh alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Alikuwa kizuizini mwaka 1954 wakati Tume ya Lidbury ilipopendekeza kuondolewa kwa viwango vya mishahara vilivyofuata rangi katika utumishi wa umma.

Baada ya uhuru hakupewa wadhifa serikalini. Aligeukia kalamu na kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969. Alifariki dunia mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 59.

Leo, Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kulipwa ujira wa haki, kujiunga na chama na kugoma. Ibara hiyo haitaji rangi ya mfanyakazi, kama vile jina la chama kile lilivyoacha kuitaja mwaka 1935.