Joseph Babinski: Tabibu Aliyesoma Habari za Ubongo Kwenye Wayo

Ndugu mwanafunzi, ukienda hospitali huenda ukamwona daktari akimgonga mgonjwa chini kidogo ya pia ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, kisha akamvua viatu na kumkwaruza wayoni kwa kitu butu. Vipimo hivi havitoi damu, havihitaji umeme, na havimalizi hata dakika moja. Hicho cha wayo kinaitwa kwa jina la tabibu wa Ufaransa, Joseph Babinski. Haya ni maisha yake kwa ufupi.

Kuzaliwa na masomo yake

Babinski alizaliwa mjini Paris mwaka 1857. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Poland. Alisoma udaktari hapo hapo Paris, na mwaka 1885 akamaliza tasnifu yake juu ya maradhi ya mfumo wa fahamu. Kisha akawa msaidizi wa Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière. Charcot alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote wa maradhi hayo kwa zama zile.

Mwaka 1892 Babinski aliingia katika mtihani mkubwa wa kumwezesha kufikia uprofesa, akashindwa. Wengi walioandika maisha yake wanasema sababu haikuwa uchache wa elimu, bali ushindani kati ya mwalimu wake na mkuu wa watahini. Hakuurudia mtihani ule, na hakuwa profesa maisha yake yote. Mwaka 1895 alishika uongozi wa wodi katika hospitali ya Pitié, akabaki huko mpaka mwaka 1922.

Tatizo la zama zake

Katika wodi za Paris walikuwamo wagonjwa wa aina mbili waliofanana sana. Wa kwanza walipooza mguu kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umeharibika. Wa pili nao hawakuweza kuuinua mguu, lakini njia zao za fahamu zilikuwa nzima. Ugonjwa wao uliitwa histeria. Leo tunajua kwamba hawa nao ni wagonjwa wa kweli, wala hawajisingizii. Lakini tabibu akiwachanganya, mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo ataambiwa hana kitu, na mwenye njia nzima atapewa dawa isiyomfaa. Hapakuwa na picha za kuonyesha ndani ya ubongo. Basi tabibu afanyeje?

Jinsi mwili unavyojibu

Ili kufahamu jibu lake, tujue kwanza kwamba ubongo hutuma amri kupitia uti wa mgongo, na neva huzifikisha kwenye misuli. Lakini yapo matendo ya ghafla yasiyongoja amri. Ukano wa chini ya goti ukigongwa, habari hukimbia hadi kwenye uti wa mgongo na kurudi pale pale, na mguu ukaruka kabla mtu hajafikiri. Matabibu wa Ujerumani, Erb na Westphal, walilieleza jambo hili mwaka 1875. Tendo la namna hii mtu haliigizi kwa urahisi, wala halizuii kwa kutaka tu.

Babinski alijulikana kwa kumpima mgonjwa kimya kimya na kwa muda mrefu, kiungo baada ya kiungo. Aligundua kwamba mtu mzima mwenye afya akikwaruzwa wayo, vidole vyake hukunjika kwenda chini. Lakini njia itokayo ubongoni ikiwa imeharibika, kidole gumba huinuka juu. Kwa wagonjwa wa histeria hakiinuki. Wapo waliokwisha kukiona kidole kikiinuka kabla yake, ila yeye ndiye aliyetambua maana yake. Tarehe 22 Februari 1896 aliwaeleza wanachama wa Chama cha Biolojia cha Paris habari hiyo, kwa maandishi ya mistari 28 tu.

Mtoto mchanga naye huinua kidole gumba, wala si ugonjwa. Njia zake za fahamu bado hazijakamilika, na zikikamilika hali hiyo huondoka, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mwisho wa maisha yake

Babinski hakuoa. Aliishi na kaka yake Henri, mhandisi aliyeandika kitabu maarufu cha mapishi kwa jina la Ali-Bab. Henri alifariki mwaka 1931. Babinski mwenyewe katika miaka yake ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao ni miongoni mwa maradhi ya ubongo, akafariki tarehe 29 Oktoba 1932.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, kushindwa mtihani hakukumfungia mlango wa elimu. Watahini walimnyima cheo, lakini hawakuweza kumnyima macho ya kutazama. Pili, hakumhukumu mgonjwa kwa dhana. Aliutaka mwili wenyewe utoe ushahidi, na kwa njia hiyo wengi waliodhaniwa hawana ugonjwa mwilini wakapata haki yao ya kutibiwa. Leo zipo mashine za kupiga picha za ubongo, lakini daktari wa zahanati isiyo na mashine bado anaweza kumpima mgonjwa wake kwa kumkwaruza wayo, na akajua kama ni wa kukimbizwa hospitali kubwa.